Kitunguu Kina "An"

Juzi nilipita Al Twar, hapa Dubai, kumchukua mwanangu shule, nikakuta lile jengo tulilokuwa tukiishi zamani limevunjwa. Nilisimamisha gari, rafiki yangu, nikaikumbuka siku ya mtihani wangu wa Kiingereza.

Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza mimi na bibi tumetoka Unguja kumfuata baba, aliyekuwa dereva Dubai. Shuleni wakasema nikifeli Kiingereza narudishwa darasa la chini. Kilichonishinda ni vineno viwili vidogo, "a" na "an". Mwalimu alirudia kila siku: ukitaja vitu kwa kufuatana, kila kimoja kipe chake. Mimi nikitaja kisu, yai, kitunguu, vyote vilitoka vitupu, maana kwetu kitu kinajitosheleza.

Bibi hakujua Kiingereza, lakini alijua kusikiliza. Jioni, jiko zima likinukia nazi na iliki, yeye akichoma vitumbua, mimi nilitaja kwa sauti kila nilichokiona. "A knife, an egg, onion..."

Alinyanyua kichwa. "Hicho umekiruka."

"Umejuaje, bibi?"

"Ulimi umejikwaa. Anza tena."

Nikaanza tena, na tena, tukicheka hata jirani yetu Mkenya, mhudumu wa hoteli, akawa anaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku ya mtihani mwalimu alinionyesha picha ya meza ya jikoni. Nikaenda mbio: "A knife, an egg, an onion, a spoon and a salt."

Akaweka kalamu chini. "Chumvi ngapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Niliitazama tena ile picha. Kisha nikamkumbuka bibi akitia chumvi chunguni kwa vidole, bila kuhesabu. "Salt," nikasema. "Salt peke yake."

Mwalimu akacheka. "Khalas, basi, umepita."

Nilipofika kwetu nilipanda ngazi mbili mbili, lifti ningeingoja vipi? Bibi alinikumbatia, unga wote wa mikononi mwake ukanihamia. Kisha akatokeza roshani, akamtangazia mlinzi, mwenye duka na kila mpita njia, kwa Kiunguja kitupu, kwamba mjukuu wake anajua Kiingereza. Wakampigia makofi bila kuelewa neno.

Bibi alirudi Unguja, na huko ndiko alikozikwa. Jirani sijui yuko wapi. Siku hizi nazungumza Kiingereza kutwa nzima kazini, wala hakuna hata mmoja anayeona ajabu.