Majembe ya Marehemu Yamchelewesha Mhunzi wa Bwera Kuuza Karakana

Ni siku ya soko Bwera, chini ya milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, na mhunzi Erifazi amesimama mbele ya fuawe, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nyuma yake mkewe, Biira, anasukuma mivukuto kwa mikono miwili. Makaa yakififia mzee anakohoa tu, na Biira anaongeza upepo.

"Miaka yote hii ananikoholea," anasema mama huyo. "Nikimuacha leo, kesho hata moto hatajua kuwasha."

Karakana hii, yenye mabati yaliyoliwa na moshi, imeuzwa. Au tuseme imeuzwa nusu. Kampuni moja kubwa ya zana za kilimo kutoka Jinja inataka kiwanja, vifaa, na ile alama ya mistari mitatu ambayo baba yake Erifazi alianza kuigonga kwenye majembe kabla ya vita vya Hitler. Bei imekubaliwa. Kilichobaki ni mzee kutia dole gumba.

Wala msidhani analazimishwa.

"Mimi nataka kuuza," anasema waziwazi. "Mugongo imechoka. Jembe ya kiwanda iko shilingi saba kwa duka, yangu kumi na mbili. Mutu mwenye watoto atanunua gani? Vijana yangu yote iko Kilembe, kwa mugodi ya shaba. Hakuna mutu wa kushika hii nyundo."

Basi kinachomchelewesha ni nini? Ni rundo la majembe makuukuu yaliyokaa nyuma ya mlango.

Katika ukoo huu wa wahunzi, mteja akifariki, jembe lake hurudishwa karakanani likae mpaka mrithi wa shamba aje mwenyewe. Akija, Erifazi humpima mkono kwa macho, kisha hulitia jembe motoni na kulifua upya limfae yeye. Hampi mtu mwingine, hata amwage fedha vipi. Lakini warithi wengi walitawanyika wakati wa vurugu za milimani, wengine wakavuka mpaka kuingia Kongo, na majembe ya wazazi wao yakabaki yanawangoja.

Ojok, kijana mpole aliyetumwa na kampuni, hakuambiwa hayo. Alipokuja kukagua mali aliyaona, akadhani ni vyuma chakavu, akaanza kuyapanga kwenye mizani.

"Nilisikia sauti nyuma yangu nikafikiri ni simba," anasimulia Ojok, na sasa anacheka. "Muzee anasema, 'Teremusha wazazi ya watu kwa mizani.' Nikashusha pole pole, moja moja, nikaomba masamaha."

Tangu siku hiyo kijana amegeuka kuwa mtu wa nyumbani. Aliwaomba wakubwa wake wangoje, nao wakakubali. Gari la kampuni likapanda Bugoye, likashuka Kitswamba, likiulizia watoto wa marehemu. Ng'ambo ya mpaka habari zilipelekwa na Muniru, mwenye lori, ambaye ndiye humletea mzee springi kuukuu za kufulia majembe.

Warithi wakaja. Leo ni zamu ya Yudesi kutoka Bugoye, binti aliyeachiwa shamba na baba yake. Analipokea jembe la baba yake likiwa bado na joto, analifunga kwenye kanga.

"Kaka zangu walisema shamba si yangu," anasema. "Sasa nikipita nayo hii, watanyamaza."

Baada yake, nyuma ya mlango panabaki jembe moja tu, limelika hadi kufanana na kijiko. Mwandishi anauliza ni la nani. Erifazi anajifanya anatafuta koleo. Biira ndiye anayejibu.

"Ya mama yake, Erina. Alikufa mwaka wa Uhuru. Mrithi ndiye huyu. Kila mwaka anasema nitafua, nitafua. Watu wote anawaharakisha, yeye mwenyewe anajificha."

Mzee anaacha kutafuta koleo.

"Nikiitia kwa moto, mama amekwisha," anasema hatimaye. "Na kazi ya baba imekwisha. Naogopa. Hiyo ndiyo ukweli."

Jinja wanazidi kuuliza. Ojok huwajibu kwamba limebaki jembe moja, mrithi bado hajajitokeza.

Erifazi sasa ameahidi mbele ya mkewe kwamba Pasaka haitapita kabla hajalifua. Amekwisha kukodi kipande cha shamba Mubuku, kwenye maji ya mifereji, yeye ambaye amefua majembe tangu ujana na hajawahi kulima hata tuta moja. Biira anasema atamfundisha, na kwamba hatamkoholea.

"Nitakwenda na ile jembe kwa bega," anasema mzee, macho yamemlowa na hayafichi. "Kule hawanijui. Wakiuliza huyu mutu ni nani, sitasema mimi ni muhunzi. Nitasema mimi ni mutoto ya Erina, nimekuja kulima."