Uzio Uliogeuzwa kama Shati

Rafiki yangu ni fundi cherehani. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Hata kwenye msiba wa mke wangu alikuja nayo, kasahau kuivua. Mimi nikawa naitazama tepu, maana uso wake ulinishinda kuutazama. Ndiye aliyemshonea marehemu magauni yote. Ana sheria moja tu: mshono hauonekani nje. Ukivaa nguo yenye uzi unaoning'inia, atakuuliza umeiokota wapi.

Mke wangu aliniachia mbwa, Bosi. Alimlea tangu hajafumbua macho, kwa maziwa na kijiko. Alipoondoka yeye, Bosi akaanza kutoroka kwenda kwa jirani, mama mmoja mfuga kuku. Hali kuku, hapana. Anawapanga tu. Anawasukuma wote kona moja, halafu anakaa kuwalinda.

Jirani akaja mlangoni.

"Shikamoo baba. Nakuheshimu, unajua. Lakini kuku wangu wana presha, hawatagi tena. Mpeleke huyu kwa mwanao, shamba."

"Nipe nafasi mwanangu, nijenge uzio."

"Haya. Ila ukishajenga, akiingia tena kwangu, anaondoka."

Nilikubali. Usiku ule nilisikiliza nyumba. Tuliokuwa tunapumua ni mimi na Bosi tu.

Fundi akaja na mwenzetu, dereva wa lori mstaafu. Tunamwita Breki, kwa kuwa enzi zake hakuwa nazo. Breki alichimba mashimo, mimi nikasimamisha nguzo, fundi akapima.

"Ongeza kidogo," fundi akasema. "Ikibana itapasuka."

"Huu uzio, bwana we! Hauli ukanenepa," Breki akamjibu.

Kukabaki kupigilia. Breki alitaka zile mbao mbili za kulala, zinazoshika mbao za wima, zikae upande wa jirani. Fundi akaruka.

"Hiyo ndiyo mishono! Mishono inakaa ndani. Jirani aone upande mzuri."

Tukaona ana hoja. Tukapigilia hivyo. Jirani akatoka, akasifu, "Jamani wazee wangu, mmenifurahisha!" Fundi akanyoosha kola.

Bosi akaja kukagua. Akanusa. Akaweka miguu ya mbele kwenye mbao ya chini. Akaweka kwenye ya juu. Akapanda taratibu, kama mtu anayekwenda darini kutafuta sufuria, akatua kwa jirani. Kuku wakapiga kelele zote walizonazo.

Breki alicheka mpaka akakaa kwenye udongo. Mimi sikucheka. Jirani alishamshika Bosi shingoni.

"Baba, tulisemaje?"

 

Fundi akasogea. "Mama, kosa si la mbwa. Ni la mshonaji. Nguo ikikosewa hatumfukuzi mteja, tunafumua."

"Mimi sishoni, fundi. Nafuga kuku."

"Basi simama hapo uone. Nikishindwa, nampeleka shamba mimi mwenyewe. Kwa miguu."

Jirani akamtazama, akanitazama mimi. Akamfunga Bosi kwenye nguzo ya banda, akavuta ndoo akaikalia.

Tuling'oa mbao zote. Fundi alikuwa anang'oa kila msumari kwa uchungu, utadhani anafumua gauni la bibi harusi na gari linapiga honi nje. Tukageuza. Mbao za kulala zikaenda kwa jirani, kwetu ukabaki uso laini.

Bosi akafunguliwa, akarudishwa ndani. Akaruka, kucha zikateleza. Akajaribu kona. Akajaribu kona nyingine. Mwisho akakaa, akatutazama kama tumemdhulumu urithi.

"Haya, baba," jirani akasema kutoka upande wa pili. "Abaki."

Nikamshika Bosi masikio, nikamshikilia kidogo. 

Fundi alikuwa amezunguka kwenda kuangalia kazi yake kwa nje. "Aibu gani hii! Mishono yote nje. Mama, usimwambie mtu nimeshona mimi."

"Nimeshapata rafu ya bure," jirani akamjibu. Tayari alikuwa ameshapanga makopo ya chakula cha kuku juu ya mbao ya kulala.

Breki akaanza tena kucheka. Safari hii nikacheka naye. Nilicheka na kwa niaba ya mke wangu.

Mpaka leo fundi akija kwangu huzunguka mbali, asipite upande ule wa mishono. Bosi humsikia kabla yangu. Mimi hutoa viti.