Vitu Vyangu Vilitangulia Nyumbani

Katanga ilipojitangaza nchi huru, sisi watu wa Kasai tuliokaa mtaa wa Katuba tukawa wageni ghafla, hata wale waliozaliwa pale pale. Polisi walinichukua asubuhi, pamoja na mashini yangu ya kushona. Walisema nawashonea wapinzani sare. Sare gani? Nilikuwa nashona gauni la jirani, tena la harusi! Lakini nani angenisikiliza?

Kwenye kasho, mahabusu ya polisi, kabla ya kunifungia, walinivua viatu, mkanda, kofia na pete ya ndoa, wakavitupa depo, stoo yao, pamoja na mashini. Hivyo vingine havikuniuma. Mashini ndiyo iliniuma, maana mke wangu naye alijua kushona, na bila mashini watoto wangelala njaa. Kila siku aliniletea bukari, ugali wetu, kwenye sufuria ndogo. Polisi waliipokea mlangoni, mimi na yeye hatukuonana. Bukari ikawa inapungua, nikaelewa.

Nikaanza kumsumbua komanda. Mimi si mtu wa kubembeleza, kichwa changu kigumu, ila mle ndani hata hasira ilikufa ganzi. Kila alipopita kwenye korido nilisema neno lile lile.

"Shefu, mashini mupatie bibi yangu. Mimi munibakishe."

Siku moja akachoka. "Weye muntu, uko na makelele! Bintu yako yote itatoka leo. Depo imejaa."

"Mashini tu, shefu."

"Nimesema yote."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru yule mtu!

Kesho yake bukari haikuja, wala siku zilizofuata. Wenzangu wa kasho walinimegea chakula chao, nikala bila kusikia ladha. Nilijiambia mama watoto ana kazi nyingi sasa, mashini imerudi, wateja wamejaa. Sikufurahi, sikuhuzunika. Nilikaa tu naangalia ukuta.

Walipoona hakuna kesi wakanifukuza, bila maelezo. Nikatembea peku hadi Katuba. Karibu na kwetu jirani mmoja aliniona, akaangusha ndoo ya maji.

"Mawe! Mufu anarudia!" Akakimbia.

Mbele ya mlango wangu moto wa matanga ulikuwa unawaka. Wanawake wa Kasai walikuwa wameketi chini, katikati yao mke wangu, kichwa kimenyolewa. Kwetu, mtu akifia mbali, vitu vya mwilini mwake ndivyo vinavyoletwa kwanza nyumbani. Na polisi alikuwa ameshusha mashini, viatu, mkanda, kofia na pete, akaondoka bila neno. Siku zile mtu wa Kasai hakwenda kuuliza polisi maswali.

Mashini ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Mjane hagusi kazi matanga yakiendelea. Watoto walikuwa wanakula vya majirani, tena vichache.

Wanawake walipiga kelele, wakanishika mikono, wakacheka. Mke wangu hakuinuka. Nikakaa kando yake kwenye mkeka.

"Mama, niko muzima."

"Naona, baba ya batoto." Aliniangalia usoni, macho makavu. "Lakini nililia yote. Machozi ya kukupokea haikubakia."

Nilitafuta yangu. Hata mimi sikuwa nayo.