Maji ya Uvuguvugu

Mikindani nzima ilimheshimu shangazi yangu Mwaisha, na Mikindani nzima ilimwogopa. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Ukikutana naye njiani alikusalimu vizuri, akakupa mkono, nawe ukaupokea kwa ncha za vidole. Hakuna aliyempa mtoto wake ampakate. Wanafiki wakubwa! Siku ya msiba, hao hao ndio wa kwanza kubisha hodi kwake.

Kazi ile ilimfanya ajitazame kama mtu atakayeoshwa kesho. Kila Ijumaa alikata kucha, akafumua nywele na kusuka upya, akasugua visigino kwa jiwe. Nikimtania kwamba bila shaka ana mchumba Magomeni, alinijibu, "Sitaki mwoshaji wangu anikute mchafu." Mwoshaji huyo alitakiwa awe Bi Ashura, mwenzake wa kazi; walikuwa wameahidiana. Lakini Bi Ashura akatangulia mwaka 1969, na shangazi akamwosha peke yake.

Tangu hapo hakuwa na raha. Miaka miwili baadaye aliniambia, "Mastura, utaniosha wewe." Nilikataa katakata. Nilikuwa naogopa maiti kuliko nyoka.

"Basi jifunze kwangu ningali hai," akasema.

Jumanne asubuhi alifunga mlango wa ua, akajilaza kwenye kitanda cha kamba, kanga ikimfunika. Pembeni aliweka ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi.

"Anza upande wa kulia. Usinikamue kama nguo. Na mimi nimekufa, usiniulize kitu."

Nikaanza na mkono, bega, shingo. Mwanzoni nilimgusa kwa woga, kisha nikaweka kiganja kizima, maana ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nilipomlaza ubavu nimwoshe mgongo, niliona mabega yanatikisika. Shangazi alikuwa analia.

"Nimekuumiza?"

"Tangu mume wangu Isihaka afe," akasema, "miaka tisa, hakuna mtu aliyenigusa hivi."

Aibu ilinishika. Hata mimi, mtoto wa kaka yake, nilikuwa mmoja wa wale wa ncha za vidole. Nilichovya kata ndooni. Maji yalikuwa yameshapoa. Nikamwambia yatosha, nimeshajua yote.

Akafumba macho tena.

"Bado hujajua," akasema. "Ongeza ya moto kidogo, mwanangu. Rudia mgongo."