Rungu Ambalo Sikulishusha

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyokaribia kuwa muuaji huku nimeshiba ugali na maziwa.

Unanijua mimi. Shule niliishia darasa la pili, na leo mashine za kusaga pale Shanwe ni zangu. Walionicheka wanapanga foleni kwangu. Sijisifu, nasema yaliyopo. Basi miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamia Sitalike na ng'ombe wetu kutoka Usukumani. Nguvu ninazo, akili bado.

Asubuhi moja maksai wawili wa baba hawamo zizini. Tukapiga mwano, lile yowe ambalo mwanaume akilisikia lazima atoke na silaha. Hatujafika mbali, tukamkuta Mpimbwe mmoja, mwenyeji wa kule, njiani, kawashika kamba wote wawili.

"Nimewakuta wanakula mpunga wangu," akasema. "Nawarudisha kwa mwenyewe."

"Eti kawakuta! Mbona mimi sikuti hata kuku?" mwenzetu akadakia, watu wakacheka.

Desturi yetu kwa mwizi wa ng'ombe, kila mtu apige mara moja, ili damu isiwe ya mtu mmoja. Mwenye mali ndiye anayeanza, nami nilisimama badala ya baba. Nikanyanyua rungu. Yule mtu akapiga magoti, akaanza Salamu Maria.

Mzee Lufega, mkubwa wetu wote, akanidaka mkono. "Kijana, mimi kule nyumbani nilipiga rungu la tatu. Kesho yake ng'ombe wakaonekana kichakani. Mpaka leo sijui lililoua ni la nani. Basi nimelibeba mimi."

"Na huyu akiwa mwizi kweli, mzee?"

"Mwizi anafungwa, akionekana hana kosa, anafunguliwa. Maiti utamfungua wewe?"

Tukaenda shambani kwa yule Mpimbwe. Mpunga umelala, alama za kwato zimejaa topeni. Hapo nikakumbuka: jana yake nilikimbilia ngoma, miti ya lango la zizi nikaiegesha tu. Majuto ni mjukuu, lakini yangu yaliwahi. Nikasema mbele ya wote, "Kosa ni langu." Msimu uliofuata nikamlimia shamba lote kwa maksai wale wale, na kwenye harusi yangu alicheza kuliko ndugu zangu.

Sasa nyie mkisikia mtu kahukumiwa kunyongwa, mnashangilia. Mwanangu, hata huko kila mtu anapiga mara moja: shahidi, hakimu, mvuta kamba, na sisi tunaofurahi. Mwenye kosa afungwe, hata maisha, simtetei. Ila uhai tusiuguse. Ukishatoka, hatuna namna ya kuurudisha.

Mungu aufanye mkono wako mzito wa kupiga, mwepesi wa kuinua aliyeanguka, na uzee wako uwe na usingizi mtamu kama wangu.