Mama Anaachia Nusu Yake

Nyumba yetu ya Troyeville ilikuwa na majina mawili kwenye hati: la mama, aliyerithi nusu ya marehemu baba, na la baba mdogo. Baba mdogo alitaka mkopo wa benki ajenge vyumba vya kupangisha uani. Jina moja, alisema, lingerahisisha mambo. Mama akakubali kumwachia nusu yake hata chai haijapoa.

Nilimsindikiza kwa wakili. Kabla hatujaketi, baba mdogo alituongoza kwa maombi. Wakili naye akainamisha kichwa, nadhani kwa kukosa la kufanya. Kisha akamuuliza mama kama anaachia kwa hiari yake.

"Huyu ni shemeji yangu," mama alijibu, na wakili akalichukua hilo kama ndiyo.

Mimi nilisoma kila ukurasa. Hakuna palipoandikwa kwamba mama ataendelea kuishi humo. Nikauliza. Wakili alisema inawezekana kabisa: haki ya kuishi humo mpaka kufa, inasajiliwa pamoja na uhamisho wenyewe. Ni kuongeza aya moja tu.

"Msomi wetu," baba mdogo alisema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Unataka niandike kwenye karatasi ya serikali kwamba sitamfukuza mke wa kaka yangu? Mnaniona mwizi?"

"Hakuna aliyesema mwizi. Kama hutamfukuza, aya hiyo inakupunguzia nini?"

"Heshima, binti."

"Nyamaza," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Unanitia aibu mbele ya watu."

Watu wenyewe walikuwa wawili, na mmoja alikuwa akilipwa.

Mama akatia sahihi. Kalamu yake ilikuwa ya bluu, rangi isiyokubaliwa kwenye hati. Wakili akachapa ukurasa mwingine, akampa yenye wino mweusi. Kwa dakika hiyo nilidhani atabadili nia. Alitia tena, vizuri kuliko mara ya kwanza.

Benki nayo ilimpa baba mdogo kurasa chungu nzima za kuahidi hiki na kile. Alizitia sahihi zote, wala hakuona kama ametukanwa.

Vyumba vya uani vimekwisha, vina wapangaji. Mama hajafukuzwa. Juzi alinipigia simu, sauti imejaa furaha. Alikuwa anataka kupaka jikoni rangi, basi akampigia baba mdogo kuomba ruhusa.

"Na amekubali papo hapo! Rangi yoyote niipendayo. Unaona sasa, wewe na maswali yako?"