Tumbawe la Duka la Vitambaa

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vitambaa mjini Kitui. Mwenye duka, mzee ambaye kwao ni Pwani, ana tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki wawili. Mwezi huu ameongeza tumbawe laini, kiumbe hai cha baharini, lake la kwanza, nalo lilikuwa limejikunja kama ngumi kwa siku nne.

"Likifa hili, sijaribu tena," aliniambia, akiinua mtungi kujazia maji yaliyopungua.

"Hayo ni ya wapi?" aliuliza mama aliyekuwa akichagua leso.

"Ya kisima. Yana chumvi, na hawa ni watu wa bahari."

Mama alichovya kidole mtungini, akaonja. "Mzee, maji yakikauka kwa sufuria, chumvi huenda wapi?"

"Inabaki."

"Na wewe unaongeza ingine juu yake."

Mzee aliutua mtungi polepole.

"Nitakuletea ya mvua," mama alisema. "Si ile ya kwanza, hiyo huosha mabati. Yangu niliyakinga baadaye."

Kitui, kiangazi hiki, mtu kukugawia maji ya mvua aliyohifadhi nyumbani si jambo dogo.

Jumanne iliyofuata nilirudi, nikisingizia vifungo. Tumbawe lilikuwa limefunguka, vidole vyake vikipepea majini. Mzee hakunihudumia mpaka nilipolitazama vizuri.

Nilisomea kemia miaka minne, na jibu nilikuwa nalo tangu mzee aliposema maji ni ya kisima. Nilikuwa bado nalihakiki moyoni mama alipolisema.